Nani Amekutuma Baharini?

Swali lilinikuta kwenye senta ya chai, huku Konoin, mwendo wa saa nne asubuhi, nikiwa nimeshika mdomo wa gunia mama akimimina majani. Karani alikuwa anabishana na mizani yake. Jirani yetu mmoja, mzee aliyenijua tangu nikitambaa, akanigeukia.

"Nasikia unaenda bahari."

"Ndiyo, mzee."

"Umepata kazi Mombasa?"

"Hapana."

"Ama ni mambo ya shule. Umerudi shule?"

"Hapana, mzee. Naenda tu kusafiri na mashua. Ile ya tanga. Kutoka Kilifi mpaka Lamu."

Akatua kikapu chini, akanitazama kama mtu anayetafuta homa usoni pa mtoto.

"Sasa nani amekutuma?"

Foleni nzima ikacheka. Nami nikacheka, kwa sababu mzee hajibiwi vibaya mbele ya watu. Lakini kicheko kile nimekibeba wiki tatu sasa kama kokoto ndani ya gambuti, na leo nataka kuvua kiatu.

Mzee mwenyewe simlaumu. Aliuliza kwa sauti kile ambacho wengine wananiuliza kwa macho: mjomba, pasta, wenzangu waliobaki chuoni, hata marafiki wa Nairobi ambao hujifanya wameshavuka mambo haya. Ninachopigana nacho ni swali. Limekaa kwenye vilima hivi karibu miaka mia moja, na sisi tunalirithisha watoto pamoja na mashamba.

Kwanza nieleze wazo lilitoka wapi, maana halikutoka kwa kuangalia picha za machweo Instagram.

Niliacha chuo mwaka wa tatu. Karo iliisha, hamu nayo ikaisha, na sitawadanganya ni ipi ilitangulia. Tangu hapo naishi kwa kuandika vitu ambavyo jina langu halitokei: maelezo ya viatu, maswali na majibu kuhusu paka wasiotaka kula, sifa za mashine za kukata nyasi ambazo sijawahi kuzigusa. Mwaka jana mteja mmoja wa Marekani alitaka maneno 3,000 kuhusu jinsi ya kupanga safari ya mashua ndogo ya tanga kutoka San Diego hadi marina ya Ensenada, Mexico. Marina ni bandari ndogo ya kuegesha mashua za starehe, kama stendi ya matatu, ila hakuna makanga. Malipo, dola 27. Nilikuwa sijawahi kuona bahari. Hata ya Mombasa. Nikaichukua kazi.

Siku nne nililala na ramani ya pwani ya Baja California. Nikajifunza kwamba kutoka San Diego hadi Ensenada ni maili 60 na kitu za baharini. Kwamba upepo wa pwani ile mara nyingi hutoka kaskazini-magharibi, kwa hiyo kushuka ni raha na kurudi ni kupigwa makofi usoni. Kwamba msimu wa vimbunga upande ule wa Pasifiki huanza katikati ya Mei na kuisha mwisho wa Novemba. Mwenye chombo anahitaji kibali cha kukiingiza Mexico kwa muda, na kibali hicho hudumu miaka 10. Ukifika Ensenada, uhamiaji, forodha na wakuu wa bandari unawakuta ndani ya jengo moja. Kisha kuna msafara mzima wa mashua unaoitwa Baja Ha-Ha, ulioanza mwaka 1994, ambao hutoka San Diego kuteremka hadi Cabo San Lucas. Watu wazima, wengine wastaafu, wanakaa majini karibu wiki mbili, na msafara wao wameupa jina la kicheko.

Nilisoma miongozo mingi sana wiki ile. Ilizungumzia betri, maji ya kunywa, bima, leseni ya kuvua samaki, chanjo ya mbwa. Ndiyo, mbwa. Mbwa ana ukurasa wake. Hakuna mwongozo hata mmoja ulioanza kwa kuuliza msafiri nani amemtuma. Kwamba mtu anaweza kuamka, akaamua kuona upande wa pili wa maji, halafu akaanza kuhesabu mitungi ya maji, hilo walilichukulia kama jambo la kawaida tu.

Kazi yangu ilipita bila marekebisho. Pengine kuna mtu saa hizi yuko Ensenada anakunywa kitu baridi kwa maelekezo ya kijana wa Konoin aliyeandika akiwa amevaa sweta mbili, chumba kinanuka moshi wa kuni. Bana, iliniudhi. Hela haikuniudhi, ingawa dola 27 ni matusi. Kilichoniudhi ni kwamba nilijua kupanga safari ya mtu mwingine hadi kwenye chanjo ya mbwa wake, na yangu sikuwahi kuiwazia hata siku moja.

Sasa hesabu nami safari za watu wa huku.

Miaka ya 1920, kampuni za Waingereza zilipokuja kupanda chai kwenye ardhi ambayo Wakipsigis waliondolewa, wafanyakazi waliletwa kutoka Nyanza, kutoka Kisii, kutoka kwa Waluhya. Wengi walitumwa na kodi. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ikatunga sheria mahususi ya kuhamisha ukoo mmoja, Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho ambao iliwaogopa. Mamia ya watu, na watoto na mifugo yao, wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, mahali pa malaria na mbung'o. Walikaa huko mpaka uhuru ulipokaribia. Wengine hawakurudi. Malalamiko yao bado yanazunguka. Mwaka 2022 yalifikishwa hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mimi si wa ukoo huo na sitajivika machungu yao. Ninachosema ni kwamba ukishangaa kwa nini kogo zetu hawakutusimulia maji kama kitu cha kufurahia, anzia hapo. Safari ile kubwa ya kutoka kwenye vilima hivi kwenda ufukweni ilikuwa na askari nyuma.

Njoo karibu zaidi. Mjomba wangu ni dereva wa lori la chai. Miaka 19 amekuwa akishusha mzigo Shimanzi, Mombasa. Siku moja nilimuuliza bahari ikoje. Akafikiri kidogo. "Inanuka," akasema. "Na foleni ya kuingia godauni ni ndefu." Miaka 19 na hajawahi kuvua viatu akaingiza miguu kwenye yale maji. Hakukatazwa. Hakuna aliyemtuma kufanya hivyo, basi.

Binamu zangu wawili wamevuka bahari kwa ndege kwenda Ghuba. Waliitwa na agenti. Hata wanariadha wetu, fahari yetu yote, huvuka bahari wakiwa na namba kifuani.

Kinachosafiri kikweli huku ni chai. Kenya ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza nje chai nyeusi. Inashuka kutoka kwetu, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hadi kwenye mnada wa Mombasa, ule ulioanzia Nairobi mwaka 1956 kabla ya kuhamia pwani. Hapo hununuliwa na watu ambao hawajaonja ukungu wetu, kisha hupakiwa melini. Pakistan ndiyo mnunuzi mkubwa. Majani ambayo mama alichuma kwa vidole vyake, mawili na chipukizi, yanaweza kuishia Karachi. Mama mwenyewe hajawahi kufika Mtito Andei.

Najua utakachosema. Utasema hii ni habari ya umaskini tu, mtu hana hela, wacha mashairi. Nusu ya maneno hayo nayakubali. Bonasi ya wakulima wa upande huu wa Bonde la Ufa imekuwa ikibaki nyuma sana ya ile ya wenzetu wa Murang'a na Kirinyaga, na kwenye mashamba makubwa mashine zimechukua mikono ya watu mpaka mwaka 2023 vijana wa Kericho wakazichoma moto. Nani atafikiria tanga katika hali hiyo?

Lakini nusu ya pili siikubali, na nina ushahidi wa kwangu. Nilipoitwa chuo, watu wa hapa walinifanyia harambee. Alasiri moja, kwenye uwanja wa kanisa, zikapatikana Sh86,000. Watu walewale wasio na hela. Mzee yule wa senta alitoa kuku, akanadiwa mara tatu. Hela ya kutumwa huwa inapatikana. Harusi inapatikana, visa ya Qatar inapatikana, basi la kwenda kuzika Kitale linapatikana na soda juu. Isiyopatikana ni hela ya mtu aliyejituma mwenyewe. Huyo hata akiwa nayo mfukoni, anatakiwa aone haya kuwa nayo.

Na hapa acha niwe mkweli, kwa sababu nikiruka hapa mtaniona mwongo. Mimi nilitumwa, nikarudi mikono mitupu. Kuku wa mzee yule aliliwa bure. Aliponiuliza mbele ya foleni nani amekutuma, alikuwa anauliza mambo mawili, na la pili lilikuwa: sisi tulikutuma, ulienda wapi? Sina jibu zuri. Ninalo hili tu: deni lile nalijua, nalilipa kidogo kidogo kwa njia ambazo yeye anaziona na nyingine hazioni, na halinifanyi kuwa mtu wa kukaa kwenye foleni maisha yangu yote nikisubiri kutumwa mara ya pili.

Upande wa pili nao wana lao. Rafiki zangu wa Nairobi hawakuuliza nani amenituma. Walisema "vibe safi sana manze", kisha wakauliza kama kutakuwa na mtandao wa kupandisha picha. Wao bahari yao ni saa mbili za jioni kwenye jahazi lililopigwa vanishi, kinywaji mkononi, jua linazama kwa ratiba. Nahodha yumo kwenye kila picha na hayumo kwenye maelezo ya hata moja. Ukiwauliza upepo ulitoka wapi siku ile, watakuambia ulitoka pembeni. Serikali nayo, tangu mkutano mkubwa ulipofanyika Nairobi Novemba 2018, imejaa maneno ya uchumi wa buluu: tani za samaki, makontena, magati. Sijawahi kusikia afisa akisema kwamba mtoto wa Bomet naye ni raia wa nchi yenye zaidi ya kilomita 500 za pwani, na labda angependa kuiona bila kuwa kuli wala mtalii.

Basi, mpango wenyewe. Ulianza kwa aibu.

Nilichukua mwongozo wangu wa Ensenada nikabadilisha majina. Paliposema San Diego nikaweka Kilifi. Paliposema Ensenada nikaweka Lamu. Mwezi nikachagua Juni, kwa sababu Juni huku ni baridi, chai inapungua, na mama anaweza kuniachilia. Rafiki yangu wa Litein, fundi wa umeme anayefanya vibarua Kilifi, akanipa namba ya nahodha mmoja, mzee wa Lamu ambaye hutia nanga hapo Kilifi mara kwa mara. Nikampigia.

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba, mwanangu."

"Nataka boti ya kwenda Lamu mwezi wa sita. Watu wanne."

"Boti ya mashine?"

"Hapana. Ile ya tanga."

"Hiyo ni mashua. Na mwezi wa sita, kusi umeiweka wapi?"

Nikanyamaza. Kusi nilikuwa nimeisoma shuleni, kwenye insha za watu wengine.

Akanieleza polepole, kama anayemweleza mtoto mdogo ambaye pia ni mteja. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki kuanzia Aprili hivi hadi Septemba. Mwelekeo wake ndio hasa tunaoutaka, unasukuma kwenda Lamu. Lakini katikati ya mwaka bahari inafura, hata wavuvi wengi hukaa ndani ya miamba. "Kusi ya mwezi wa sita haina mswalie Mtume," akasema. "Itakufikisha, lakini itakufikisha vipande." Tungoje Septemba ikiisha, Oktoba ikianza, wakati wa demani, kusi ikiwa imechoka lakini haijalala. Tukizidisha hapo hadi Desemba, kaskazi imeshaingia inatupiga omoni, na tutaitafuta Lamu kwa bisho, kombokombo, siku mara mbili.

Nilikata simu nikakaa kitandani muda mrefu. Nililipwa kujua upepo wa Baja California. Upepo wa nchi yangu, ambao mabaharia wa Arabuni, Uajemi na Bara Hindi walijengea biashara ya karne nyingi, kuja na kaskazi na kurudi na kusi, huo nilikuwa siujui. Karachi yenyewe iko kwenye pwani hizo za mkabala. Chai ya mama inafuata njia ambayo vyombo vya tanga vilikuwa vikiipita zamani sana kabla ya mche wa kwanza wa chai kupandwa Kericho.

Kwa hiyo wale wanaoniambia mashua za tanga ni mambo ya wazungu, naomba tuulizane polepole. Tanga ni neno la nani? Mlingoti, foromali, usukani, omo, tezi? Kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki takriban miaka 2,000 iliyopita, Periplus, tayari kinataja vyombo vya kushonwa kwa kamba kwenye pwani hii. Na kama unataka kitu cha jana, mwaka 2018 Lamu walizindua Flipflopi, jahazi lililoundwa kwa takataka za plastiki chini ya mkono wa fundi Ali Skanda, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri hadi Zanzibar, karibu kilomita 500. Plastiki! Kandambili zilizotupwa zimesafiri baharini mbele yangu mimi.

Tulipozungumza mara ya pili nilikuwa nimejifunza kusema chombo. (Ulimi wangu bado unaniangusha, nikiharakisha nasema "pahari", na nahodha hucheka mpaka anakohoa.) Tukapanga njia. Kilifi hadi Malindi, kama kilomita 55, siku moja kukiwa na upepo wa heri. Tukitoka Malindi tunapita mdomo wa Sabaki, maji mekundu, tulale Ngomeni. Ngomeni ndipo Waitaliano walipokuwa na majukwaa yao ya baharini ya kurushia setilaiti. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa moja ikaitwa Uhuru. Hata hiyo ilikuwa imetumwa, lakini jina nalipenda. Kutoka Ngomeni tunavuka Ghuba ya Ungwana hadi Kipini, kwenye mdomo wa Tana. Hii ndiyo siku anayoiheshimu nahodha, kwa sababu ufuo ni mrefu, maji ni haba karibu na nchi, na pa kujificha hakuna. Siku ya mwisho ni Lamu, kuingia kwa mlango ulio kati ya Shela na Manda, maji yakiwa yanajaa. Usiku hatutembei. Karibu kilomita 200 kwa jumla, siku nne za tanga na siku mbili za kusubiri akikataa upepo, na akikataa amekataa, hakuna kumbembeleza.

Gharama: mashua, nahodha na mabaharia wawili, chakula na maji, Sh96,000 tukigawana wanne. Mimi, fundi wa Litein, na dada wawili wa Nairobi ambao mmoja wao ni muuguzi, jambo lililomfurahisha nahodha kuliko pesa. Jaketi za kuokoa maisha saba, moja kwa kila kichwa. Hapo niling'ang'ania, maana mwongozo wa Ensenada ulinifunza kitu hata hivyo. Nauli juu yake, na dharura. Kwa upande wangu inafika Sh34,000.

Kuogelea pia najifunza, hapo mjini Kericho, kwenye kidimbwi cha hoteli, somo moja Sh500, maji baridi kama ya kisima. Kwa sasa naweza kuelea dakika nne. Mwalimu anasema hiyo haiitwi kuogelea, inaitwa kuchelewa kuzama.

Kuna jambo nahodha aliniuliza ambalo lilinikata maneno kuliko swali la senta.

"Na ukishafika Lamu?"

"Nitakaa siku mbili, nipande basi nirudi nyumbani."

"Hutafuti shamba?"

"Shamba la nini, mzee?"

"Wabara wakija huku," akasema, bila ubaya wowote, "huja na tajiri wao, au huja na hati."

Hapa polemiki yangu ilikaribia kunifia mkononi. Mimi nilikuwa nimejiandaa kupiga kelele kwamba bahari ni yetu sote. Lakini yetu ya namna gani? Watu wa pwani wamesikia "yetu sote" kutoka kwa wageni wengi, na kila mara kumefuata ua. Mimi ninayetoka mahali ambapo babu za watu waliamka wakakuta shamba lao lina jina la kampuni, ningepaswa kuwa wa kwanza kulielewa hilo. Tangu siku ile nimelipunguza dai langu. Sidai bahari. Nadai kupita. Nakwenda kama mgeni anayebisha hodi, analipa nauli yake, anamsikiliza mwenye chombo, analala anapoonyeshwa, kisha anaondoka. Hicho ndicho mtu yeyote wa Konoin angeweza kufanya hata kesho, na ndicho hasa tulichofundishwa kukiona kama wazimu: kwenda mahali bila kuajiriwa huko na bila kutaka kupamiliki.

Mama hakuniuliza nani amenituma. Aliniacha nieleze yote, pepo na bandari na jaketi, akiwa anachambua mboga.

"Ukizama," akasema, "mimi nitaambiwa na nani?"

Nikamwambia nimeandika namba yake kwenye karatasi ya nahodha. Akaendelea na mboga. Halafu akataja jiko lake. Paa la jiko linavuja upande wa magharibi tangu mvua za mwaka juzi, linataka mabati 12, na Sh34,000 inakaribia bonasi yake nzima ya mwaka jana. Hakusema kwa ukali. Aliweka tu namba mbili mezani, ya kwangu na ya kwake, zikatazamana.

Ningeweza kukuandikia hapa aya nzuri ya kumshinda mama. Naandika kwa kulipwa, aya za hivyo natoa hata nikiwa usingizini. Ningesema roho nayo inahitaji paa, ama upuzi mwingine kama huo. Ukweli ni kwamba mabati ni mabati na mvua ni mvua, na ana haki kabisa. Nimenunua matano. Saba bado. Na bado naenda, kwa sababu najua nyumba hii: mabati yakiisha kutakuwa na ukuta, ukuta ukiisha kutakuwa na karo ya mdogo wangu, na yote yatakuwa ya haki, moja baada ya jingine, hadi nitakapokuwa mzee kwenye senta nikimuuliza kijana wa jirani nani amemtuma. Nimeona mwisho wa hesabu hiyo. Una kikapu mgongoni na umewahi kwenda Mombasa mara 200.

Kama ni ubinafsi, basi ni ubinafsi wa siku sita. Watu wa Ensenada wanapewa maisha mazima ya huo na hakuna anayewakalisha chini kuwauliza.

Juzi nilimtumia nahodha Sh10,000 za kushika tarehe, kwa M-Pesa, nikiwa nimesimama pale pale senta kwa sababu ndipo mtandao hushika vizuri. Mzee jirani alikuwepo. Sikumwambia kitu. Baada ya robo saa ujumbe ukaingia: "Nimepokea mwanangu. Uje na sweta, usiku baharini kuna baridi." Nilicheka peke yangu. Sweta ndicho kitu kimoja ambacho mtu wa Konoin hafundishwi kubeba.

Jioni nilimsomea mama ule ujumbe. Akauliza kama kwenye mashua kuna jiko. Nikamwambia lipo, ni sanduku lenye mchanga, makaa yanawekwa juu. Akauliza kama lina paa. Nikasema halina. Akaguna, akarudi kuangalia chai yake isimwagike, na kutoka pale kwenye pembe ya magharibi tone moja likaanguka kwenye sufuria aliyoitega hapo chini.